Namna ya kupokea programu: kuanzia faili iliyogoma kufunguka hadi karatasi ya makabidhiano

Shule za binafsi, SACCO na zahanati nyingi hapa Uganda siku hizi zinategemea programu iliyoandikwa na kijana mmoja aliyeko Kampala au Mbale. Kijana anamaliza kazi, anabana kila kitu kwenye faili moja, anatuma kiungo kwa WhatsApp, analipwa kupitia simu. Upande wa pili mhasibu wa Tororo au Arua anapakua kwa bando la siku, faili inagoma kufunguka, na wiki haijaisha watu waliokuwa wakiitana "ndugu yangu" wanatishiana wakili. Huyu anasema nilikutumia faili nzima, yule anasema ulinitumia mbovu. Kisha ugomvi unapanda ngazi: programu ni yangu, mimi ndiye niliyeiandika, la, ni yangu, mimi ndiye niliyeilipia.

Ugomvi huu wa pili huwa mkali zaidi ya ule wa kwanza, lakini dawa yao inaanzia mahali pamoja: namba ya ukaguzi ya faili, ichukuliwe siku ile ile na iandikwe kwenye karatasi. Hatua zinazofuata zinawafaa wote wawili, anayetuma na anayepokea.

Hatua ya 1: Itazame faili kabla ya kumlaumu mtu

Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, usome ukubwa kwa baiti. Usiridhike na megabaiti, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Tovuti ikikuambia faili ina megabaiti 700 kwa hesabu ya milioni, Windows itakuonyesha 667 hivi, kwa kuwa yenyewe inahesabu megabaiti moja kuwa baiti 1,048,576. Faili ni nzima, hesabu ndizo mbili. Mwombe aliyekutumia akupe idadi kamili ya baiti, mlinganishe tarakimu kwa tarakimu.

Ukikuta faili iliyopaswa kuwa na megabaiti 50 ina kilobaiti 20 tu, ifungue kwa Notepad. Mara nyingi utakuta imeanza na `<!DOCTYPE html` au `<html`. Maana yake hukupakua programu, ulipakua ukurasa wa wavuti uliovishwa jina la programu. Hutokea kiungo kikiisha muda, au Wi-Fi ya hoteli inapotaka uingie kwanza: seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi faili, hutuma ukurasa wa maelezo, nayo kompyuta ikauhifadhi kwa jina uliloomba. Hapo hakuna cha kukarabati. Omba kiungo kipya.

Faili ikiwa kubwa, Notepad itahangaika. Kwenye PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika:

`Get-Content mfumo.zip -TotalCount 1`

Yatamwagika maandishi yasiyosomeka, lakini wewe angalia herufi za mwanzo tu. ZIP huanza na `PK`, RAR huanza na `Rar!`, 7z huanza na `7z`, PDF huanza na `%PDF`. Faili inayojiita zip au pdf ikianza na `MZ`, ujue hiyo ni programu ya Windows inayojiendesha, na aliyeibandika jina jingine alikuwa na sababu. Usiibofye. Mpigie simu aliyekutumia, umuulize kwa sauti yake, maana akaunti yake ya WhatsApp inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Hatua ya 2: Chukua namba ya ukaguzi

Ukubwa ukilingana bado hujamaliza. Programu nyingine za kupakulia hutenga nafasi yote kwenye diski mwanzoni, halafu huijaza kidogo kidogo. Mtandao ukikatika, unabaki na faili yenye ukubwa sahihi kabisa na nusu yake ni sifuri tupu.

Namba ya SHA-256 huhesabiwa kutoka kila baiti ya faili. Ikibadilika baiti moja, namba yote inakuwa nyingine. Kwenye Windows:

`certutil -hashfile mfumo.zip SHA256`

Kwenye Linux ni `sha256sum mfumo.zip`, na kwenye Mac ni `shasum -a 256 mfumo.zip`. Utapata herufi na tarakimu 64. Aliyetuma afanye hivyo hivyo upande wake, akutumie yake, mlinganishe zote 64. Kutazama nne za mwanzo na nne za mwisho kunatosha kugundua ajali ya mtandao, lakini kwa makabidhiano soma zote.

Matokeo yasomwe hivi. Namba zikilingana, faili ni ile ile, na tatizo la kufunguka liko kwenye kompyuta yako, kwenye programu unayofungulia, au faili ilikuwa mbovu tangu kwa mtumaji. Ukipakua mara mbili ukapata namba mbili tofauti, na hakuna inayolingana na ya mtumaji, kuna kitu kinaharibu njiani au kwako: mtandao, diski, hata kumbukumbu ya kompyuta. Ukipakua mara mbili ukapata namba moja ile ile, lakini si ya mtumaji, basi faili iliyo kwenye seva si ile anayodhani ameiweka. Huenda alipandisha toleo jingine. Huenda mtu ameibadilisha. Acha hapo hapo.

Kipo kisa kinachofaa kukumbukwa na kila anayepakua. Mwezi Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wakageuza kiungo cha kupakulia kielekee kwenye nakala yenye mlango wa siri. Mtu akishaingia kwenye tovuti, anaweza kubadilisha na namba ya ukaguzi iliyo pembeni ya kiungo. Kwa hiyo namba ije kwa njia tofauti na ile iliyoleta faili: kiungo kwa barua pepe, namba kwa simu au SMS. Kwa programu kubwa za kimataifa, tumia sahihi ya kidijitali ya waandishi inapopatikana.

Namba ya MD5, yenye herufi 32, bado inagundua faili iliyokatika. Kwa ugomvi au kwa usalama usiitegemee, kwa sababu tangu 2004 inajulikana jinsi ya kutengeneza faili mbili tofauti zenye MD5 moja.

Hatua ya 3: Pakua upya bila kuanza mwanzo

Data kwetu si bure, na tangu Julai 2021 ina kodi ya asilimia 12 juu yake. Kuanza upya faili ya gigabaiti moja kila umeme unapokatika ni kumwaga pesa. Tumia chombo kinachoendelea pale kilipoishia:

`wget -c kiungo`

au `curl -C - -O kiungo`. Vyote viwili huiomba seva itume kuanzia baiti ile uliyofikia. Seva isiyokubali itakulazimisha uanze mwanzo, na hapo ni vizuri kumwomba mtumaji aigawe faili. Kwenye 7-Zip, programu ya kubana na kufungua faili, kuna sehemu ya kugawa vipande; akiandika `50m` atapata vipande vya megabaiti 50 vyenye mikia `.001`, `.002` na kuendelea. Kila kipande kichukuliwe namba yake ya ukaguzi. Kipande cha 7 kikiharibika, unapakua cha 7 peke yake. Ukishavipata vyote viweke kwenye folda moja, majina yasiguswe, ufungue cha kwanza tu.

Hatua ya 4: Okoa kinachookoka

Wakati mwingine hakuna cha kupakua upya. Aliyetuma ameshafuta, au faili ilikuwa kwenye flashi moja tu. Kabla ya lolote tengeneza nakala, na majaribio yote yafanyike kwenye nakala.

Anza na sababu ndogo zinazojifanya ubovu. Diski imejaa. Nenosiri si sahihi, na baadhi ya programu badala ya kusema hivyo zinasema data imeharibika. Njia ya folda ni ndefu kupita herufi 260, kikomo cha zamani cha Windows ambacho programu nyingi bado zinakwama nacho. Hamishia faili kwenye `C:\t` ujaribu tena. Flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo usiobeba faili moja inayofika gigabaiti 4. Au flashi yenyewe ni ya uongo: imeandikwa gigabaiti 128 nje, ndani haifiki, na kila unachozidisha kinapotea kimya kimya. Programu ya H2testw, au F3 kwa Linux, huijaza yote na kuisoma tena, ukweli ukajulikana.

Baada ya hapo angalia ni aina gani, kwa sababu kila aina inavunjika kivyake.

ZIP hubana kila faili ya ndani peke yake, na orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni kabisa. Ndiyo sababu upakuaji ukikatikia asilimia 95, Windows inasema folda hii si halali, na mtu anadhani amepoteza kila kitu. Amepoteza orodha na zile faili za mwisho. Mbele ya kila faili ya ndani bado kuna kichwa chake chenye jina, na programu mvumilivu inaweza kupita kichwa hadi kichwa. Jaribu kuifungua kwa 7-Zip na utoe zinazotoka. Kwenye Linux kuna:

`zip -FF mbovu.zip --out iliyookolewa.zip`

Kisha pima kwa `unzip -t iliyookolewa.zip`, ambayo italinganisha kila faili na namba yake ndogo ya CRC-32 iliyohifadhiwa ndani. Usiruke kipimo hiki. Faili iliyotoka si lazima iwe imetoka nzima.

Faida nyingine ya kujua hili: nyaraka za Word na Excel zenye mikia `.docx` na `.xlsx` ndani yake ni ZIP, na hata programu za Android za APK ni ZIP. Ripoti ya muhula iliyogoma kufunguka, badilisha mkia wa nakala yake uwe `.zip`, utoe faili ya `document.xml` iliyo kwenye folda ya `word`. Maandishi yako yamo humo, yamefungwa kwenye alama nyingi lakini yanasomeka. Wengi wanaokata tamaa wangeokoa kazi yao hivyo.

7z kwa kawaida hubana faili nyingi kwa pamoja kama mkate mmoja, na hiyo ndiyo siri ya udogo wake. Gharama yake ni kwamba ukiharibika katikati, vipande vinavyofuata ndani ya mkate huo huenda navyo. Isitoshe, orodha yake nayo iko mwishoni, kwa hiyo 7z iliyokatika ni ngumu kuokoa. Faili za `.tar.gz` zinasomeka kutoka mwanzo mpaka mahali palipoharibika, basi.

RAR ina kitu kizuri ambacho ZIP haina: kumbukumbu ya uokozi, data ya ziada inayoweza kujaza mapengo madogo. Lakini aliyebana lazima awe aliiwasha. Kama hakuiwasha, kitufe cha kukarabati cha WinRAR, programu ya kubana na kufungua RAR, hakina cha kufanyia kazi isipokuwa kukusanya mabaki.

Hatua ya 5: Unapotuma wewe, chagua aina itakayofunguka kesho

Kwa makabidhiano ninapendekeza ZIP, na sababu yake ni historia ya ugomvi wa wenye mali.

Mwaka 1988 kampuni ya Marekani iitwayo System Enhancement Associates, wenye aina ya kubana iitwayo ARC, ilimshitaki Phil Katz, aliyekuwa ameandika programu ya kubana yenye kasi kuliko yao. Walimalizana kwa makubaliano, Katz akaachana na ARC. Mwaka 1989 akatoa ZIP na, jambo la maana zaidi, akachapisha maelezo kamili ya muundo wake ili yeyote aweze kuandika programu ya kuifungua. Zile herufi `PK` ulizoziona mwanzoni mwa faili ni za jina lake. Katz alifariki mwaka 2000, lakini ZIP hufunguka leo kwenye Windows, Mac na simu nyingi bila kumwomba mtu ruhusa.

RAR ya Eugene Roshal ni mali yenye mwenyewe. Msimbo wa kuifungua, yaani maandishi ambayo programu inatengenezwa kwayo, umetolewa kwa watu, ila kwa sharti kwamba usitumike kutengeneza programu ya kubana RAR. Kufungua ni bure, na kutengeneza kunahitaji leseni. Hilo ni halali kabisa, ni vizuri tu ujue kabla hujaweka kumbukumbu za miaka kumi humo.

ACE, aina nyingine ya kubana, ndiyo inayotisha. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba WinRAR ina tundu la usalama kwenye kipande kilichokuwa kinafungua faili za ACE. Kipande hicho kilikuwa cha watu wengine, hakijaguswa tangu 2005, na wenye WinRAR hawakuwa na msimbo wake. Hawakuweza kukiziba. Walikitoa chote, na ACE ikaacha kufunguka. Kampuni yenye watumiaji mamia ya mamilioni ilikwama kwa sababu ilipokea kipande kilichokamilika bila msimbo. Shule ya watoto 400 itafanyaje?

Hatua ya 6: Tenganisheni vitu vitatu

Watu wakishikana mashati juu ya "programu ya nani", mara nyingi wanazungumzia vitu tofauti kwa jina moja. Kuna data: majina ya wanafunzi, karo, madeni. Kuna msimbo ambao fundi, yule kijana wa programu, ameuandika kwa ajili ya kazi hii. Na kuna vipande ambavyo fundi alikuja navyo, vyake vya zamani au vya watu wengine wa mtandaoni vyenye leseni zao.

Data ni jukumu la taasisi iliyoikusanya, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 jukumu hilo lina uzito wa kisheria. Fundi hana ruhusa ya kubaki na nakala ya hifadhidata ya wanafunzi "kwa ajili ya kuangalia", na hana haki ya kuishikilia kama dhamana ya deni lake.

Msimbo unaangukia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, inayolinda programu za kompyuta. Hapa mafundi wengi wanashangaa. Kwa sheria hiyo, kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake ni ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo. Kijana anayeamini kwamba msimbo ni wake kwa kuwa ni vidole vyake vilivyouandika, na hakuandikiana na mtu, amesimama pabaya. Nasema hili kwa kuwaonea uchungu, kwa sababu wengi wanauza mfumo mmoja kwa shule tano kwa bei ya kitu kinachorudiwa, huku makubaliano ya kwanza yalikuwa ya kazi ya kuagizwa. Kama nia yako ni kuuza leseni ya kutumia, andika hivyo tangu siku ya kwanza.

Taasisi nazo zisishangilie mapema. Kuwa mmiliki kwenye sheria bila kuwa na msimbo mkononi ni kama kuwa na hati ya nyumba isiyo na ufunguo. Na vipande vya watu wengine haviwi vyako kwa kumlipa fundi. Leseni zake zinabaki vile vile.

Kuhusu maandishi: Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ni maandishi. Kwa hiyo barua pepe na WhatsApp si maneno ya hewani. Msizifute.

Mwenye kutaka uthibitisho wa ziada anaweza kusajili hakimiliki URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Haki yenyewe haisubiri usajili, ila cheti husaidia mkifika mbele ya watu.

Hatua ya 7: Andikeni karatasi ya makabidhiano

Ukurasa mmoja unatosha. Mfano:

"Fundi amemkabidhi mkuu wa shule faili iitwayo mfumo-karo-3.zip, yenye baiti 48,211,907, na namba ya SHA-256 iliyoandikwa hapa chini yote. Ndani yake mna msimbo wote, hifadhidata tupu, maelezo ya kusimika, manenosiri ya msimamizi, na orodha ya vipande vya watu wengine pamoja na leseni zake. Hakimiliki ya msimbo ulioandikwa kwa kazi hii ni ya shule. Vipande vya zamani vya fundi vinabaki vyake, na shule inaruhusiwa kuvitumia na kuvirekebisha ndani ya mfumo huu bila malipo mengine. Mfumo umesimikwa kutoka kwenye faili hii mbele ya pande zote ukafanya kazi."

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu na ndiyo yenye thamani. Chukueni kompyuta isiyowahi kuona mfumo huo, fungueni faili, fuateni maelezo. Fundi asiguse kibodi, mhasibu ndiye afanye. Kinachokosekana kitajulikana hapo hapo, kabla pesa ya mwisho haijatumwa.

Namba iliyo kwenye karatasi inafunga faili ile mahususi, si toleo jingine. Kwa hiyo hifadhini faili ya asili bila kuigusa. Ukiifungua na kuibana upya, hata kama yaliyomo hayajabadilika, namba itakuwa nyingine. Wala msitegemee tarehe zilizo ndani ya ZIP: zinatoka kwenye saa ya kompyuta ya aliyebana, kwa kawaida hazisemi ni saa za eneo gani, na yeyote anaweza kurudisha saa nyuma.

Hatua ya 8: Ugomvi ukishaanza

Usimfungie mwenzako. Fundi anayeingia kwa mbali na kuzima mfumo wa SACCO kwa sababu hajalipwa anajiingiza kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, na deni lake halali linageuka kesi dhidi yake. Na taasisi isiingie kwenye akaunti binafsi za fundi kutafuta msimbo.

Kila upande uchukue faili zote za asili ilizo nazo, uhesabu SHA-256 ya kila moja, utume orodha kwa mwenzake kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inakubali kumbukumbu za namna hii kama ushahidi, mradi uonyeshe jinsi zilivyotunzwa. Linganisheni orodha. Faili zenye namba sawa ziwekeni kando, hizo hazina ubishi. Zinazobaki ndizo mnazogombania, na pengine ni toleo moja lililorekebishwa mwezi uliopita bila karatasi. Toleo hilo liandikieni karatasi yake sasa, kabla ya kwenda kwa wakili.